Neno linapofunguka chini ya kidole: jinsi maandishi ya skrini yanavyogeuzwa kuwa nukta nundu

Siku ya kwanza nilipounganisha na kompyuta kifaa cha nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, ambacho kina mstari wa seli zenye pini zinazopanda na kushuka kuunda nukta za kila umbo, nilikuwa nikisoma barua ya Kiingereza, na kidole changu kilikuwa kimetulia juu ya neno "mother", ambalo katika nukta nundu za Kiingereza zenye vifupisho huandikwa kwa seli mbili tu: nukta ya 5, kisha herufi m. Nilitaka kulirekebisha neno hilo, kwa hiyo nikabonyeza kile kitufe kidogo kinachokaa juu ya kila seli, ambacho kazi yake ni kukileta kishale cha kuandikia mahali kidole kilipo. Papo hapo pini zikapanda na kushuka, zile seli mbili zikawa sita, m-o-t-h-e-r, na maneno yote yaliyokuwa upande wa kulia yakasogea. Nilidhani kifaa kimeharibika. Nilipokipeleka kishale kwenye neno lililofuata, "mother" likajikunja tena likawa seli mbili, na hilo la pili likafunguka badala yake.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye karatasi, ambako nukta ikishatobolewa hukaa ilipo mpaka vidole viisugue ilainike. Kwa hiyo siku ile ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani hasa, ndani ya kompyuta, anayeamua kitakachokuja chini ya kidole changu, na ni kwa nini aubadilishe uamuzi wake kwa kuwa tu nimebonyeza kitufe. Nimelifuatilia swali hilo kwa miaka kadhaa sasa. Nataka kuliandikia jibu kwa utulivu, maana nimekutana na watu wengi, wakiwemo watengenezaji wa programu, wanaoamini kwamba kugeuza maandishi kuwa nukta nundu ni kazi ya kubadilisha herufi moja kwa umbo moja, kama mtu anayebadilisha aina ya mwandiko. Imani hiyo si kosa dogo, kwani ndiyo inayowafanya wasielewe tunapolalamika.

Sehemu iliyo rahisi naipitia haraka. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka akiwa mtoto mdogo, aliuchapisha mfumo wake mwaka 1829: nukta sita katika safu wima mbili, za kushoto zikihesabiwa 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, na za kulia 4, 5, 6. Kwa kuwa kila nukta ama imeinuka ama haikuinuka, yanapatikana maumbo 64, ukiihesabu na seli tupu. Vifaa vya kompyuta vimeongeza nukta mbili chini, ya 7 na ya 8, maumbo yakafika 256, na Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama ya maandishi namba yake, imeyatengea yote nafasi zake, kuanzia U+2800 hadi U+28FF. Kwa nukta nane inawezekana kabisa kuipa kila herufi ya skrini seli yake moja, herufi kubwa ikitofautishwa na ndogo kwa nukta ya 7 peke yake, na huo ndio mtindo unaoitwa nukta nundu za kompyuta. Wasioona wanaoandika programu huuthamini sana, kwa sababu ndani yake hakuna kinachofichwa wala kufupishwa, na nafasi ya tano kwenye skrini ni seli ya tano kwenye kifaa.

Lakini vitabu tulivyovisomea vimeandikwa kwa nukta sita, na maumbo 64 hayawezi kubeba herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi na alama za hesabu, kila moja kwa umbo lake. Kwa hiyo maumbo hukopeshana maana. Tarakimu hazina maumbo yake: herufi a hadi j hugeuka kuwa 1 hadi 9 na 0 pale zinapotanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3456. Sasa chukua anwani ya nyumba 12c. Ukiiandika bila kufikiri, utaweka alama ya namba, kisha a, kisha b, kisha c, na msomaji atasoma 123 bila kuwa na njia yoyote ya kugundua kwamba amepotoshwa. Ni lazima iingizwe alama nyingine kabla ya c, inayosema kwamba namba zimekwisha na sasa ni herufi. Alama hiyo haimo kwenye skrini. Programu imeizalisha yenyewe kwa kuangalia kilichotangulia na kinachofuata, na hapo tayari tumeshaachana na habari ya herufi kwa umbo.

Kiingereza kinalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Umbo la nukta 236, likikaa mwishoni mwa neno, ni alama ya kuuliza. Likikaa mwanzoni, ni alama ya kufungua nukuu. Likisimama peke yake, ni neno zima "his". Ni seli ileile, pini zilezile, na maana yake imo katika majirani zake.

Vifupisho navyo havikubuniwa kwa ajili ya kujifurahisha. Nukta nundu hula nafasi: seli haiwezi kupunguzwa ukubwa kama herufi za wino, kwa kuwa ncha ya kidole haipungui. Kifaa cha seli 40 kina pini 320, kila moja ikisukumwa na kipande chake chembamba kinachopinda kinapopitishiwa umeme, na ndiyo maana vifaa hivi huwa vifupi na ghali, wengi wetu tukisoma dunia nzima kupitia dirisha la mstari mmoja, na mara nyingi mstari huo ni nusu tu ya ule ulio kwenye skrini. Neno linaloshuka kutoka seli sita hadi mbili linampunguzia msomaji mwendo wa mkono, na mtu anayesoma kurasa nyingi kwa siku hulihisi hilo begani.

Mfasiri anayeyageuza maandishi kuwa nukta, katika programu nyingi za kusoma skrini, ni maktaba ya programu iitwayo Liblouis, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Louis Braille. Ilianzishwa mwaka 2002 na John J. Boyer, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa haoni wala hasikii, akijengea juu ya kazi iliyokuwamo tayari katika BRLTTY, programu inayohudumia vifaa vya nukta nundu kwenye Linux. NVDA, programu ya kusoma skrini ya Windows, huitumia, Orca, ya Linux, huitumia, na kwa kuwa ni programu huria, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona yaliyomo. Mimi niliifungua nikitarajia kukuta kodi, yaani maagizo ya programu, nisiyoielewa. Kodi ipo, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, lakini maarifa yenyewe ya lugha hayamo humo. Yamo katika majedwali, ambayo ni mafaili ya maandishi ya kawaida, kila mstari ukiwa na amri moja, herufi zinazohusika, na nukta zinazotakiwa. Kuna mstari unaosema kwamba t-h-e zikifuatana popote ziandikwe kwa nukta 2346. Kuna unaohusu neno zima tu likisimama peke yake. Kuna wa mwanzo wa neno, wa katikati, na wa mwisho. Mfasiri hupita juu ya sentensi kutoka mwanzo, na katika kila hatua hutafuta kanuni inayoshika herufi nyingi zaidi na ambayo masharti yake ya mahali yametimizwa.

Kanuni hizo hazijui maana, na hapo ndipo kazi ya mwandishi wa jedwali inapokuwa ngumu na, kwa maoni yangu, yenye kustahili heshima. Ndani ya neno la Kiingereza "chemotherapy" zimo herufi m-o-t-h-e-r kwa mfuatano kamili. Jedwali lisiloonywa litaweka pale kifupisho cha "mother", na msomaji atakutana na mama katikati ya jina la tiba ya saratani, asimame, arudi nyuma, aanze kulijenga neno upya kichwani. Katika "mishap", s na h zimekaa pamoja lakini ni za vipande viwili tofauti vya neno, na kuziunganisha kwa kifupisho cha "sh" kunaharibu matamshi. Zipo njia za kuzuia hayo: mstari wa pekee kwa ajili ya neno fulani, au amri inayokataza kifupisho kuvuka mpaka wa silabi kwa kutazama orodha ya mahali maneno yanapokatwa. Zipo pia awamu za ziada, ambazo husahihisha maandishi kabla ya tafsiri au kuzirekebisha nukta baada yake. Hata hivyo, nyuma ya kila neno linalotoka sawa kuna mtu aliyewahi kulikuta limetoka vibaya, na mara nyingi mtu huyo alilikuta kwa kidole.

Kabla ya mfasiri kuanza, kuna swali la anachopewa. Programu ya kusoma skrini haiitazami picha ya skrini; huuliza mfumo wa kompyuta kuna kitu gani mahali fulani, nao huijibu kwa jina la kitu, aina yake na hali yake. Kwa sauti mtu angesikia maneno kamili, lakini kwenye seli 40 maneno kamili ni gharama, kwa hiyo NVDA huandika "lnk" kwa kiungo, "btn" kwa kitufe, "h2" kwa kichwa cha ngazi ya pili, na kisanduku cha kuweka tiki hukichora kwa maumbo ya nukta, kikiwa kimejaa au kitupu, hata kidole kikitambue bila kusoma. Vifupisho hivi vya aina hubandikwa pembeni mwa maandishi kabla ya tafsiri. Nimevizoea kiasi kwamba sivihisi tena kama maneno, ila ukurasa wenye viungo kumi mfululizo bado hunichosha, kwa kuwa robo ya mstari huliwa na maelezo kuhusu maandishi badala ya maandishi yenyewe.

Sasa narudi kwenye lile neno lililofunguka, kwani ndipo lilipo jambo ninalolitaka hasa. Mashine inayochapa vitabu vya nukta nundu hufanya kazi ya upande mmoja: hupokea maandishi, hutoa nukta, karatasi hutoka, basi. Programu ya kusoma skrini haina ruhusa ya kusahau. Kila inapotafsiri, ni lazima ikumbuke kila seli imetoka kwenye herufi gani na kila herufi imekwenda kwenye seli gani, kwa sababu wakati wowote msomaji anaweza kubonyeza kitufe juu ya seli na kusema, nipeleke hapa. Liblouis hurudisha tafsiri ikiwa imeambatana na orodha mbili za namba: moja inaeleza, kwa kila herufi, ni seli ipi inayoiwakilisha, nyingine inaeleza, kwa kila seli, ni herufi ipi iliyoizaa. Awamu ya pili ya tafsiri ikiwepo, nukta hubadilika tena, na orodha hizo hulazimika kuunganishwa ili herufi ya kwanza kabisa isipotee njiani. Namba moja ikikosewa, hakuna atakayeliona kosa hilo kwa kusoma. Litajitokeza siku mtu atakapofuta herufi na kukuta imefutika nyingine.

Katika "mother", herufi sita zina seli mbili. Kishale kikiwa mbele ya h, programu ikionyeshe wapi? Kwa kawaida huonyeshwa kwa kuinua nukta za 7 na 8 chini ya seli husika, lakini h haina seli yake. Imemezwa pamoja na wenzake. Kukiweka kishale chini ya m kungekuwa kusema uongo, nami ningefuta herufi nisiyoikusudia. Suluhisho lililochaguliwa ni kulifungua neno lile moja ambalo kishale kimo ndani yake, kila herufi ipate seli yake, na kuyaacha mengine yote katika vifupisho. Hivyo kile nilichodhani ni uharibifu kilikuwa uangalifu. Mtu fulani alitambua kwamba anayesoma na anayehariri wana mahitaji tofauti hata wakiwa mtu yuleyule katika dakika ileile, akauweka mpaka kati yao kwenye ukingo wa neno moja. Uchaguzi huo unaweza kuzimwa katika mipangilio, na wapo wasomaji wenye uzoefu wanaouzima kwa kuwa hawapendi mstari usogee. Mimi nimeuacha ukiwa umewashwa.

Kuhusu kupanga mstari sina mengi: programu hujaribu kutolikata neno mwishoni mwa kifaa, hivyo neno refu lisilotosha husukumwa kwenye hatua inayofuata na kuacha seli kadhaa tupu, nasi huzoea kwamba utupu mwishoni si mwisho wa sentensi.

Lugha ni habari nyingine, na ndiyo iliyonigusa zaidi mimi nisomaye Kiswahili. Kwa muda mrefu kifaa changu kilikuwa kimepangiwa jedwali la Kiingereza chenye vifupisho, nami nikifungua maandishi ya Kiswahili bila kubadilisha kitu. Neno "thelathini" lilikuja likiwa na alama ya "the" mwanzoni, kisha la, kisha alama ya "th", kisha alama ya "in", kisha i. "Andika" lilianza kwa alama ya "and". "Redio" lilikuwa na alama ya "ed" tumboni, na "kesho" likawa na "sh" iliyofungwa kwenye seli moja. Nilikuwa naweza kuyasoma, maana nilikuwa najua vifupisho vya Kiingereza, lakini nilisoma kama mtu anayefumbua fumbo, nikilivua kila neno vazi la lugha nyingine kabla ya kulitambua. Programu haikuwa imekosea hata kidogo: ilitekeleza sheria za Kiingereza kwa uaminifu juu ya herufi ilizopewa. Liblouis ina majedwali ya Kiswahili, na siku nilipolichagua jedwali linalofaa, mkono wangu ulipata kasi ambayo sikujua kwamba nilikuwa nimeipoteza. Taabu inabaki kwa maandishi yanayochanganya lugha mbili katika sentensi moja, kwa sababu jedwali huchaguliwa kwa ajili ya mstari mzima, na neno la kigeni hutafsiriwa kwa sheria za mwenyeji. Kwa hali hiyo mimi hupendelea maandishi yasiyo na vifupisho kabisa. Ni marefu, lakini hayanidanganyi.

Lugha nyingine zina mizigo mizito kuliko hiyo. Nukta nundu za Kichina huandika sauti, wakati maandishi ya skrini huandika alama za maneno, na alama kama 行 husomwa xíng au háng kutegemea neno ilimo, kwa hiyo mfasiri analazimika kuamua matamshi kabla ya kuinua pini hata moja.

Safari ya kurudi, yaani kuandika kwa vibonye vya nukta nundu na kupata herufi za kawaida kwenye skrini, ina ugumu wake wa pekee. Nikibonyeza nukta 236, programu haiwezi kujua kama nimeuliza, nimefungua nukuu, au nimeandika neno "his", mpaka ione kitakachofuata. Ndiyo maana katika NVDA, mtu anapoandika kwa vifupisho, herufi hazitokei moja moja. Programu hukusanya seli na kusubiri, na tafsiri hufanyika nafasi inapobonyezwa. Aliyezoea kibodi ya kawaida hudhani kompyuta imekwama. Kwa upande wangu subira hiyo inafanana sana na jinsi ninavyosoma: nami pia huishikilia seli akilini, bila kuipa maana, hadi jirani yake aniambie ni nini.

Mwisho kuna alama ambazo jedwali halijawahi kuambiwa habari zake. Zamani nilipokuwa nikisoma hadithi za Kiswahili zilizopigwa chapa kwa uzuri, kila "ng'ombe" na kila "ng'ambo" lilikuja limepasuka katikati: ng, kisha mkwaju wa nyuma (\), x, na tarakimu 2019, kisha sehemu iliyobaki. Sababu ni kwamba wapiga chapa hawakutumia ritifaa iliyonyooka ya kibodi, walitumia ile iliyopinda, ambayo namba yake katika Unicode ni U+2019. Kwa macho hizo mbili ni kitu kimoja. Jedwali nililokuwa nikilitumia liliijua ya kwanza na halikuijua ya pili, na Liblouis, ikikutana na alama isiyoijua, haiiruki kimyakimya. Huiandika namba yake ili msomaji ajue kwamba palikuwa na kitu. Uaminifu huo ulinikera nilipokuwa naharakisha, lakini ndio ulionionyesha mahali pa kurekebisha. Nilinakili faili la jedwali, nikaongeza mstari mmoja:

punctuation \x2019 3

Nikaihifadhi, nikaifungua tena ile hadithi, nikapeleka kidole. N, g, nukta ya 3 peke yake chini kushoto, kisha o, m, b, e.